Kizazi Kinaposhuka

Leo tunalisema wazi jambo linalofichwa chini ya kanga: kizazi kushuka, na yale maumivu ya nyonga yasiyoisha. Si laana, wala si uchafu. Misuli inayobeba kizazi na kibofu imelegea, mara nyingi baada ya kuzaa, na inaweza kufunzwa upya.

Ibane misuli hiyo kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Hesabu hadi 5, achia kabisa, rudia mara 10. Asubuhi, mchana na jioni. Endelea kupumua. Nafuu huchukua miezi 3 hivi, basi usikate tamaa wiki ya pili. Kama kubana kunazidisha maumivu, acha: huenda misuli yako imekaza na inahitaji kulegezwa kwanza.

Mizigo mizito pia huilemea misuli hiyo: dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Gawanya maji, au mwombe baba watoto alibebe. Kula mboga na mapapai ili choo kiwe laini, usijikamue chooni.

Mkojo ukigoma kutoka, au ukiona damu usiyoitarajia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ipo pia pete laini inayowekwa ukeni kushikilia kizazi. Muulize daktari au mkunga wako.