Mdondo una chanjo, hauna dawa

Kuku aliyekuwa mzima jana leo kazubaa, mabawa yamelegea, anahema kwa shida na kuharisha kijani. Akipinda na shingo, shuku mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu huweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache, na inauma kweli, maana kuku hao ndio ada na akiba ya mama wengi.

Mdondo husababishwa na virusi, kwa hiyo vidonge vya antibiotiki haviutibu. Watenge wagonjwa mara moja, na waliokufa wazike katika shimo refu au wachome. Tafadhali usiwakimbize sokoni wale waliobaki! Hivyo ndivyo ugonjwa unavyohama kijiji hadi kijiji.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2 hustahimili joto zaidi kuliko chanjo nyingi, hivyo inawafaa wafugaji wa vijijini. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kuku asiye mgonjwa tu, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ongea na jirani zako, mwiteni afisa mifugo, mchanje siku moja.