Kukausha Gari Baada ya Kuoshwa: Taulo, Mashine za Kupuliza Hewa na Wajibu wa Mwenye Kituo

Mada kwa semina ya wamiliki na wasimamizi wa vituo vya kuoshea magari, Dar es Salaam

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie hatua ya mwisho ya uoshaji, yaani kukausha gari. Yale ambayo kila aliyemo ukumbini anayafahamu nitayapitia kwa haraka, ili muda mwingi tuupe suala la taulo. Suala hili nimelisemea katika semina nyingi, na bado liko palepale.

2. Maana na umuhimu

Kukausha gari ni kuyaondoa maji kabla hayajakauka yenyewe. Tone likikauka lenyewe juu ya boneti, maji hupaa na vilivyoyeyuka ndani yake hubaki: kalisi, magnesi na chumvi nyingine. Vituo vyetu vingi hutegemea maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvichumvi. Ndiyo maana gari jeusi likioshwa saa saba mchana na kuachwa juani huondoka na vidoa vyeupe vya duara. Doa likikaa muda mrefu kwenye jua huanza kula rangi, na likifika hapo shampuu hailiondoi tena.

Vifaa vikuu ni viwili. Cha kwanza ni taulo. Iliyo bora ni ya maikrofaiba, inayofumwa kwa nyuzi nyembamba sana za poliesta na poliamidi, mara nyingi kwa uwiano wa 80 kwa 20. Cha pili ni mashine ya kupuliza hewa, iwe blowa ya umeme au kompresa.

3. Mashine za kupuliza hewa

Sifa kubwa ya hewa ni kwamba haiigusi rangi. Hutoa maji mahali ambapo taulo haifiki: nyuma ya saitimira, ndani ya vitasa, kwenye mfuniko wa tangi la mafuta, nyuma ya kibao cha namba, kwenye nati za rimu na pembezoni mwa taa. Maji yaliyojificha humo hutiririka gari likishatoka getini, yakaacha michirizi kwenye mlango ambao kijana alikwisha kuufuta vizuri.

Zipo tahadhari. Tairi ya gari dogo hujazwa psi 30 hadi 35, ilhali kompresa ya kawaida ya fundi pancha huhifadhi hewa ya psi 100 na zaidi. Hewa ya nguvu hiyo inaweza kuumiza jicho, kupasua ngoma ya sikio, hata kupenya kwenye ngozi kupitia jeraha. Mchezo wa vijana kupulizana vumbi kwenye nguo upigwe marufuku kabisa. Tena tangi la kompresa hukusanya maji, na kompresa nyingi hutoa ukungu wa oili. Lisipomwagwa maji yake na kufungwa chujio, mnarusha mafuta juu ya gari safi. Blowa ya umeme nayo inafanya kazi juu ya sakafu yenye maji, kwa umeme wa volti 230. Sina haja ya kueleza zaidi.

4. Tatizo la taulo moja

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Naomba niseme kwa heshima, lakini niseme wazi.

Tuifuate taulo moja kuanzia asubuhi. Inaanza na paa la gari la kwanza, inashuka kwenye vioo, milango na bampa. Kwa kuwa ipo mkononi, inamalizia kwenye rimu, ambako kuna unga mweusi wa breki, yaani chembe za chuma na za pedi. Inachovywa kwenye ndoo ambayo chini yake mchanga umetulia, inakamuliwa, inatupwa begani. Gari la pili linapoingia, taulo hiyohiyo inaanza tena na boneti. Ikianguka chini inakung'utwa mara moja na kazi inaendelea. Ikifika saa kumi jioni, ile si taulo tena, ni msasa uliolowa.

Gari la kisasa lina tabaka la juu linalong'aa, ambalo mafundi rangi huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 50 hivi, wakati unywele wa kichwani una maikroni 70 hivi. Mchanga ulionasa kwenye nyuzi za taulo unalikwaruza tabaka hilo kila mkono unapozunguka. Mikwaruzo haionekani gari likiwa limelowa, wala siku ya kwanza. Huonekana baada ya miezi, gari jeusi au la bluu likisimama juani: mistari myembamba inayozunguka mwanga kama utando wa buibui. Mwenye gari huenda kwa fundi wa polishi, na polishi huondoa mikwaruzo kwa kuipunguza klia yenyewe. Magari yetu mengi yameingia nchini yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa. Klia yake ilikwisha kupungua kabla ya kufika bandarini.

Kila mara jambo hili linapojadiliwa, lawama huangukia vijana: hawajali, wana haraka, hawafundishiki. Sikubaliani na maelezo hayo. Katika vituo vingi kijana hulipwa kwa idadi ya magari, na taulo hajapewa. Hutumia fulana kuukuu au kipande alichookota. Kuosha taulo kunamla muda ambao hakuna anayemlipa. Mmiliki aliyenunua mashine ya presha, tangi na pampu akashindwa kununua taulo hajakamilisha uwekezaji wake. Tulikwisha kukubaliana hivyo katika vikao vilivyopita, tukaandika maazimio, tukaagana. Natambua kwamba kila kituo kina uwezo wake na mazingira yake. Hata hivyo, taulo ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja.

5. Mapendekezo

Napendekeza yafuatayo:

(i) Mmiliki anunue taulo na kuzihesabu kama vifaa vya kituo. Kijana asiachiwe mzigo huo.

(ii) Taulo zitengwe kwa rangi: moja kwa bodi, ya pili kwa vioo na ndani, ya tatu kwa rimu na sehemu za chini. Zisibadilishane kazi.

(iii) Taulo ya bodi ikianguka chini isirudi kwenye bodi hadi ioshwe.

(iv) Taulo zifuliwe kila siku kwa sabuni ya maji, mbali na matambara ya pamba, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo hufunika nyuzi na taulo haifyonzi tena. Zianikwe kivulini pasipo na vumbi.

(v) Atakayefua taulo alipwe kwa kazi hiyo.

(vi) Gari likaushwe kivulini. Turubai moja linatosha kuanzia.

(vii) Suuzo la mwisho lifanywe kwa mpira usio na presha, maji yamwagwe taratibu kutoka juu ili yateremke kwa pamoja. Matone yatakayobaki yatakuwa machache, na taulo itafanya kazi ndogo.

(viii) Penye blowa, hewa itangulie na taulo ifuate. Kazi ianzie kwenye paa na kuishia chini.

(ix) Taulo itandazwe juu ya bodi na kuvutwa polepole, au ibonyezwe tu. Kusugua kwa duara kuachwe.

(x) Tangi la kompresa limwagwe maji kila siku, na miwani ya kinga itolewe kwa anayepuliza.

(xi) Umeme wa blowa upitie swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake.

(xii) Dereva aelezwe akanyage breki kidogokidogo anapoondoka, ili diski zikauke.

(xiii) Kwa msisitizo narudia la kwanza: taulo zinunuliwe na mmiliki.

6. Hitimisho

Ndugu washiriki, maji ya kisima hatuwezi kuyabadilisha leo, na jua la Dar es Salaam halina mwenyewe. Taulo ziko ndani ya uwezo wetu. Nawaomba wamiliki mliopo hapa msisubiri semina nyingine iandike azimio lilelile. Kesho asubuhi, kabla gari la kwanza halijaingia, kila kijana akabidhiwe taulo safi za rangi tatu, na jioni mmiliki mwenyewe azikague.