Ushahidi, si Mazoea: Funzo la Tiba ya Saratani ya Matiti



Mwaka 1974 mwandishi wa habari wa Marekani, Bibi Rose Kushner, aligundua uvimbe katika titi lake. Desturi ya hospitali nyingi za nchi hiyo wakati ule ilikuwa moja. Mwanamke hutia sahihi karatasi, hupewa nusukaputi, kisha hukatwa kipande cha uvimbe na kipande hicho hupimwa papo hapo, naye amelala. Ikionekana kuwa ni saratani, daktari huendelea kuliondoa titi zima bila ya kumwamsha mwenyewe. Kwa hiyo mwanamke aliingia katika chumba cha upasuaji asijue kama ataamka akiwa na titi au akiwa hana.

Bibi Kushner alikataa. Alitaka uvimbe upimwe kwanza, aamshwe, aelezwe, ndipo aamue. Alihangaika sana kabla ya kumpata daktari aliyekubali sharti hilo. Lakini hakunyamaza, aliandika na kusema hadharani. Mwaka 1979 kikao cha wataalamu kilichoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, naye akiwa mmoja wa wajumbe wake, kilipendekeza kwamba kupima uvimbe na kukata titi yawe mambo mawili mbalimbali, ili mgonjwa apate nafasi ya kujua na kuamua.

Yafaa kuuliza: Je, kabla ya hapo madaktari walikuwa watu wasio na huruma? La hasha! Walikuwa wakifuata mafundisho ya mwalimu wao mkuu, Dakta William Halsted wa Baltimore. Mwaka 1894 Dakta Halsted alitangaza matokeo ya upasuaji wake wa kuondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Aliamini kwamba saratani huenea hatua kwa hatua kutoka mahali ilipoanzia, kama moto wa nyika. Basi anayekata eneo kubwa zaidi huuwahi moto kabla haujavuka. Katika zama zile, wanawake walipofika hospitali na vidonda vilivyokwisha kuoza, upasuaji huo ulikuwa ni hatua ya mbele. Kosa lililofuata ni kwamba jambo lililoanza kama hoja liligeuka kuwa mila. Kwa miaka zaidi ya 70 wanawake walibaki na vifua vilivyobonyea na mikono iliyovimba, bila ya mtu kuthibitisha kwa haki kwamba ukataji mkubwa huokoa maisha kuliko ukataji mdogo.

Aliyedai uthibitisho huo ni Dakta Bernard Fisher wa Pittsburgh. Yeye aliona kwamba chembe za saratani zaweza kusafiri katika damu mapema, hata kabla uvimbe haujaonekana. Na kama ndivyo, kupanua kisu hakuwezi kuzifikia. Lakini hakutaka watu waamini kwa sababu yeye amesema. Mwaka 1971 yeye na wenzake walianzisha jaribio lililowahusu wanawake 1,665. Baadhi walifanyiwa upasuaji mkubwa wa Halsted, na wengine waliondolewa titi tu, wakiwa na mionzi au bila ya mionzi. Wanawake hao walifuatiliwa kwa miaka 25. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba hapakuwa na tofauti ya maana katika kuishi kati ya waliokatwa sana na waliokatwa kidogo.

Mwaka 1976 kundi hilo lilikwenda mbali zaidi na kuuliza: Je, ni lazima titi liondolewe? Wanawake 1,851 walipangwa katika makundi matatu: kuondolewa titi zima, kuondolewa uvimbe peke yake, na kuondolewa uvimbe kisha kupewa mionzi. Baada ya miaka 20 makundi yote yalilingana katika kuishi. Lakini miongoni mwa walioondolewa uvimbe bila ya mionzi, saratani ilirudi katika titi lile lile kwa wanawake 39 katika kila 100. Waliopewa mionzi, ilirudi kwa 14 tu. Kule Milan, Italia, Dakta Umberto Veronesi alifanya jaribio kama hilo kwa wanawake 701 wenye uvimbe mdogo, naye akafikia jibu hilo hilo.

Hapa ndipo penye funzo kwa watu wanaofundisha na kuongoza wengine. Katika majaribio haya mgonjwa hachaguliwi kundi na daktari, wala na jamaa zake. Hupangwa kwa kura. Kama daktari angechagua, angewapeleka wenye nafuu upande anaoupenda, na matokeo yangekuwa sifa za daktari, si ukweli wa tiba. Na kura hiyo haina uhalali pasipo ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa akaelewa. Wanawake waliokubali walijua kwamba hakuna aliyekuwa na hakika ya jibu. Titi la mwanamke wa leo lililosalimika ni deni kwa wanawake hao ambao wengi wao majina yao hayajulikani.

Jambo la pili ni uaminifu. Mwaka 1994 ilitangazwa hadharani kwamba daktari mmoja wa Montreal, Kanada, alikuwa ameghushi kumbukumbu za baadhi ya wagonjwa aliowaandikisha katika majaribio ya kundi la Dakta Fisher. Wanawake wengi waliokuwa wamechagua kubaki na titi walishikwa na hofu kubwa. Hesabu zilirudiwa, wagonjwa wa daktari huyo wakaondolewa kabisa, na matokeo yakabaki yale yale. Lakini hofu ile ya wanawake haikuweza kufutwa kwa hesabu. Anayejaza fomu ya uongo, awe katika hospitali, shule au ofisi, huiba imani ya watu asiopata kuwaona.

Ndugu Walimu na Watumishi, elimu hii isichukuliwe kijuujuu. Haisemi kwamba kila mwanamke asikatwe titi. Kuondoa uvimbe peke yake kunataka mambo mawili: uvimbe uwe umegunduliwa ungali mdogo, na mionzi iwepo na ikamilishwe. Mahali ambapo mashine za mionzi ziko katika hospitali chache za miji mikubwa, na mgonjwa hana nauli wala mahali pa kulala kwa majuma kadhaa, kuondoa titi zima laweza kuwa ndilo shauri la busara. Lililo la lazima kila mahali ni kwamba mwenyewe aelezwe yote kwa lugha anayoielewa.

Barani Afrika taabu kubwa ni kuchelewa. Utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu ni nusu tu yao waliokuwa hai. Utafiti huo huo ulihesabu pia watoto: kwa kila wanawake 100 waliofariki kabla ya kutimiza miaka 50, watoto 210 waliachwa bila mama. Watoto hao wanakaa katika madarasa. Mwalimu huwaona wakisinzia au wakiacha shule, asijue kwamba chanzo chake ni uvimbe uliofichwa chini ya kanga.

Wahenga walinena: Mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi hukawia kwa kuwa uvimbe hauumi. Yafaa ifundishwe wazi kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Na kwamba ngozi ya titi inayobonyea, chuchu inayoingia ndani au inayotoa damu, ni dalili za kumfikisha mtu kwa mganga wa hospitali bila ya kungoja. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mgonjwa ajulishwe ugonjwa wake katika muda wa siku 60 tangu afike kwenye kituo cha afya. Siku hizo haziwezi kutimia kama mkuu wa ofisi anamnyima mtumishi ruhusa ya kwenda kupimwa, kama faili linalala mezani, au kama mume anangoja kwanza tiba ya jirani.

Wala asiyekuwa daktari asidhani kwamba hana kazi. Bibi Kushner hakuwa daktari. Alikuwa raia aliyeuliza swali la haki na kudai ajibiwe. Mwalimu anayewafundisha wasichana wa leo kuitambua miili yao bila ya haya, na mtumishi anayempitishia mgonjwa karatasi zake siku hiyo hiyo, nao wamo katika kazi hiyo ya kuokoa maisha.