Watu Wawili Wanatosha

Mei 1935, Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alikwama Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, fedha zimemwishia, na mji mzima ulikuwa mgeni kwake. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Upande mmoja wa ukumbi wa Hoteli ya Mayflower, alikofikia, kulikuwa na baa, na vicheko vyake vilimfikia pale aliposimama. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji.

Akaiendea simu. Alipiga namba moja baada ya nyingine hadi akakutanishwa na Bob Smith, daktari mpasuaji aliyeshindwa kabisa kuacha kunywa. Daktari alikuja akiwa amepanga kukaa robo saa. Walizungumza kwa saa kadhaa. Juni 10 mwaka ule Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani AA.

Ndugu wasikilizaji, Wilson hakumtafuta mlevi mwenzake ili ampe mawaidha. Alimtafuta ili yeye mwenyewe asirudie chupa.

Kisa hicho kinawagusa moja kwa moja Watanzania, Wakenya na Wakongomani wanaoishi Yeoville, Hillbrow na Rosettenville, mitaa ya Johannesburg, Afrika Kusini. Huo ni mji ambao tangu zamani pombe ndiyo humpokea mgeni. Enzi za ubaguzi manispaa iliendesha kumbi zake za bia, na faida ya bia ile waliyouziwa Waafrika ikagharamia uendeshaji wa vitongoji vyao. Wanafunzi wa Soweto walipoinuka Juni 1976, kumbi hizo zilikuwa miongoni mwa majengo waliyoyachoma moto.

Leo kijana aliyemaliza wiki ya kazi anaingia baa kwa sababu humo atasikia Kiswahili, ataangalia mpira, atapata habari za nyumbani na pengine fununu ya kibarua. Akiacha pombe, anaiacha na baraza yake. Anabaki chumbani peke yake, mikono inatetemeka, na asubuhi anatoka kwenda kuzimua. Majirani wanasema hana msimamo. Ukweli ni kwamba hana mwenzake.

Na mwenzake yupo. AA ilifika Afrika Kusini mwaka 1946, na hadi leo mikutano yake inafanyika Johannesburg. Haina ada ya uanachama. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha pombe. Jina la kwanza linatosha, na hakuna anayedai kibali cha kuishi nchini. Mtu anaeleza pombe ilimfikisha wapi na leo anaendeleaje. Wengine wanasikiliza bila kumkatiza. Mwishoni mgeni huweza kuondoka na namba ya simu ya mtu aliyeacha miaka mingi iliyopita, ili hamu ikimshika usiku awe na wa kumpigia.

Hayo si maneno ya kufarijiana tu. Mwaka 2020 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walichambua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba mipango ya kitabibu inayowaunganisha watu na AA huwasaidia kuendelea kujizuia na pombe sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na mara nyingi kuzipita.

Kundi, hata hivyo, halichukui nafasi ya daktari. Anayekunywa sana kila siku asikate pombe ghafla bila uangalizi: anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Aanzie kliniki au hospitali. Shirika la SANCA limekuwa likihudumia waraibu Afrika Kusini tangu 1956.

Linalowazuia wengi ni umbea. Mtu anahofu kwamba akionekana mkutanoni Yeoville leo, kesho mama yake atapigiwa simu Bukavu au Tanga. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana AA imeweka kutotajana kuwa nguzo yake. Kikwazo kingine ni lugha, kwani aibu ya miaka kumi haisemeki vizuri kwa Kiingereza cha kuokoteza kazini.

Lakini mila ya AA yenyewe inasema walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe, tayari wanaweza kujiita kundi. Na Kiswahili hakianzi leo kazi hii: Zanzibar, tangu 2009, nyumba za upataji nafuu zimewasaidia waraibu wa heroini kupita hatua kumi na mbili za kupata nafuu zilizoanzia AA, kwa lugha yao.

Kwa hiyo ombi hili liende kwa wachungaji, maimamu na viongozi wa vyama vya wahamiaji wa Johannesburg. Toeni chumba kimoja, saa moja kwa wiki. Wapeni ufunguo watu wawili walioamua kuacha, na asitumwe mtu yeyote kwenda kutazama ni akina nani wameingia.