Malengelenge ya Tegu wa Mbwa Katika Mifupa

Leo twanena habari ya ugonjwa ambao wafugaji wa Turkana, katika Kenya, wanaujua sana: tumbo la mtu huvimba kama la mwenye mimba, kumbe ndani ni lengelenge kubwa la maji. Ule wa tumboni huonekana. Ule wa mifupani haujionyeshi, nao ndio tuuogopao zaidi.

Asili yake ni tegu akaaye matumboni mwa mbwa, mdogo kama punje ya mchele au chini ya hapo. Mayai yake hutoka pamoja na mavi ya mbwa, yakashika majani, maji, hata manyoya yake. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala hupata malengelenge katika ini na mapafu. Naye mbwa akitupiwa ini lile hupata tegu wapya. Mtu huyameza kwa mikono isiyonawiwa. Wengi huilaumu nyama, na huku mbwa amelala juu ya ngozi ya mtoto.

Katika wagonjwa 100, wapatao malengelenge mifupani hawazidi 4 hivi, na karibu nusu yao hushikwa katika uti wa mgongo. Katika ini, mwili hulizungushia lengelenge ngozi ngumu kama mfuko. Ndani ya mfupa hakuna mfuko huo. Vilengelenge hupenya polepole, miaka mingi, vikiula mfupa. Mtu huona mgongo wauma, asema ni uzee au mizigo. Kisha miguu hufa ganzi, hulegea, hata hupooza. Hata daktari aweza kudhani ni kifua kikuu cha mifupa. Basi mgonjwa na amwambie kwamba amekaa na mbwa na mifugo, ili naye afikiri jambo hili.

Kupasua mfupa ni kazi ngumu, na mara nyingi ugonjwa hurudi. Dawa iitwayo albendazoli humezwa miezi mingi. Kuchanja mgongo hakuyafikii malengelenge hayo.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kuupiga vita ugonjwa huu huko Turkana, likiwapa mbwa dawa ya tegu na kuwafundisha watu. Dawa hiyo hurudiwa, kwa kuwa mbwa aliyepona leo, akila ini bovu kesho, baada ya majuma sita au saba hutoa mayai tena. Kwa hiyo achinjaye, akiona malengelenge, na ayachome moto au ayafukie shimoni, kina kisichofukuliwa na mbwa.