Ugeni wa Hatua Chache: Kusaidiana kwa Wauguzi na Matabibu Mpakani Busia na Tororo



Nilipoombwa niseme juu ya namna wauguzi na matabibu wetu wanavyoauniana wakiwa ugenini, kilichonijia moyoni kwanza hakikuwa London wala Riyadh, bali daftari moja lenye jalada jeusi, lililofungwa kwa mpira, ambalo hutunzwa na mweka hazina wa chama kidogo cha wauguzi hapa Busia. Kila ukurasa wake umepigwa mistari ya kusimama, huku shilingi za Kenya na huku shilingi za Uganda, kwa kuwa wanachama wengine hulala Sofia, ng'ambo ya geti la mpaka, na kushika zamu katika zahanati za watu binafsi upande wa Kenya, na wengine kinyume chake. Nililifunua kwa idhini yake, nikaona ya kuwa fedha zilizotoka kwa muda wa miaka mitatu zilikwenda kwa matanga, kwa arusi, kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, na kwa paa lililoezuliwa na upepo. Malipo mawili tu ndiyo yaliyohusu kazi yenyewe, nayo yalikuwa nauli ya mwanachama mmoja aliyekwenda Kampala kufuata barua ya baraza la wauguzi, na nauli ile ile alipoambiwa aende tena. Juu ya malipo hayo mawili ndipo nitakapolisimamisha neno langu.

Yafaa tukumbuke kwamba mpaka huu ni mgeni kuliko sisi. Hadi mwaka 1902 ardhi yote hii, na mbele yake hata Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda, kisha kwa amri ya Waingereza jimbo la mashariki likahamishiwa upande wa pili, na mwaka 1926 mstari ukathibitishwa kisheria; Wasamia na Wateso, ambao hawakuulizwa, wakajikuta wana wajomba wa nchi moja na mashangazi wa nchi nyingine. Kwa hiyo muuguzi wa Kisamia aliyezaliwa karibu na Masafu, upande wa Uganda, akienda kufanya kazi Nangina, upande wa Kenya, atawasalimu wagonjwa kwa lugha ya mama yake, na huenda akamkuta kitandani mzee wa ukoo wake, ilhali mbele ya karatasi yeye ni ajnabi sawasawa na aliyetoka Manila. Upande mmoja wanamwita musawo, upande mwingine wanamwita sista au daktari, na mkono ni ule ule. Ugeni wa hapa haupimwi kwa maili.

Wazee wetu wa taaluma hawakuijua taabu hii kwa kiasi tunachoijua sisi. Shule ya utabibu ya Makerere, iliyoanza mwaka 1924, iliwakusanya katika wadi za Mulago vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja, na maadamu Nairobi haikuwa na shule yake mpaka mwaka 1967, daktari wa Tororo aliyekwenda Kisumu alikuwa na tumaini la kweli la kumkuta huko mtu waliyekuwa pamoja darasani. Ndipo ilipokuja dhiki ya miaka ya sabini, siku za Idi Amin, wasomi wa Uganda wakatoka kwa wingi, wengine kwa geti la Malaba, wengine kwa hili la Busia, wengine kwa njia za panya, wakipakiwa nyuma ya baiskeli na vijana wale wale walionadi jina la mpaka kwa Kiingereza chao mpaka likawa boda boda, neno ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima na wengi wamesahau mahali lilipozaliwa. Mtu aliyetoka hivyo, pengine bila shahada yake mfukoni, alihitaji chakula na malazi, hilo halina shaka. Lakini zaidi ya chakula alihitaji mtu mmoja wa kusimama mbele ya mkubwa wa hospitali na kusema, namfahamu huyu, tulisoma naye, nimemwona akifanya kazi. Mimi nauita huo ushahidi wa ujuzi, na nadai kwamba ndiyo faraja kubwa kuliko zote awezayo mwanataaluma kumpa mwenzake aliye ugenini.

Siku hizi mtasema ipo sheria. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2010, nayo inamruhusu mfanyakazi kuvuka. Tena tangu mwaka 2018 geti la Busia ni kituo kimoja cha pamoja, ambapo msafiri hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Lakini kuruhusiwa kuvuka si kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Idhini hiyo imo mikononi mwa baraza la kila nchi, na baraza la huku hutaka kusikia kwa baraza la kule, moja kwa moja, kwamba fulani amesajiliwa na mwenendo wake ni mwema. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilivuka na barua hiyo ndani ya bahasha, nimeikumbatia kama mtoto, na karani wa ofisi moja akanirudishia bila kuifungua, akasema barua iliyopitia mkononi mwa mwenyewe haina thamani. Miezi minane nilifanya kazi ya muuguzi kwa ujira wa mfagizi. Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima, tuliyezoea kumwita Mama Sista, ambaye wakati wa chai alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, barua usiibebe. Iache itembee yenyewe, wewe uifuate nyuma." Kisha akanieleza ni dirisha lipi, siku ipi, na niulize nini. Maneno hayo hayakumgharimu senti, na hayakuandikwa katika daftari lolote.

Sitakawia sana kwenye migomo, kwani inajulikana. Madaktari wa Kenya walipoacha kazi kuanzia Desemba 2016 kwa muda wa siku 100, na wauguzi nao wakafuata kati ya Juni na Novemba 2017, wagonjwa wa Busia walivuka kwenda Masafu na Tororo, na wauguzi wa huko wakabeba mzigo wa nchi mbili. Katikati ya hayo Kenya ilitaka kuleta madaktari 500 kutoka Tanzania, na mahakama ikazuia. Siwalaumu waliopinga, lakini niliona jinsi mwenzetu wa ng'ambo anavyoweza kugeuka usiku mmoja kutoka ndugu wa taaluma kuwa mnyang'anyi wa kazi, kwa sababu tu hatuna baraza letu la mazungumzo isipokuwa lile la matangani.

Walio mbali wametuzidi katika hili. Madaktari wa Kinijeria walioko Marekani na Kanada waliunda chama chao, ANPA, mwaka 1995, na wanakutana kujifunza kama wanavyokutana kula wali wao wenye pilipili. Kenya imetiliana mkataba na Uingereza, Julai 2021, juu ya wauguzi kwenda kufanya kazi huko. Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi ambazo mawakala hawapaswi kuwafuata wauguzi wao, basi binti wa Tororo anayetaka kwenda Uingereza hujiendea mwenyewe, na wakala wake ni rafiki aliyetangulia. Nilimshuhudia mmoja akijizoeza mtihani wa vitendo wa kusajiliwa huko, wenye vituo 10. Amelaza mto kitandani, mto ndio mgonjwa. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Na mwenzake aliyeko Northampton, ametoka zamu ya usiku, anamsikiliza akitaja kwa sauti kila anachofanya. "Hujanawa mikono," sauti ikasema. Akanawa mikono bila maji, akaanza upya.

Najua yupo atakayeniambia kwamba fedha za matanga zisiguswe, na mimi nasema zisiguswe. Maiti haingoji; na jeneza likivuka geti lataka kibali, gari na watu wa kulisindikiza, na nimewaona wauguzi wakitembea pembeni yake kwa sare zao nyeupe mpaka dereva wa lori akazima injini bila kuambiwa. Nilichomwomba mweka hazina ni mstari wa tatu tu katika daftari lake: nauli za kufuata barua, jina la nani aliyefanya kazi na nani, wapi, na miaka mingapi, ili siku ikitakiwa shahidi apatikane, na pia kile Mama Sista alichokuwa akikitoa bure wakati wa chai.

Akachukua rula, akapiga mstari kwenye ukurasa mtupu uliofuata, mzuri, ulionyooka. Kisha akaniuliza aandike nini juu yake, kwa maana huku ni shilingi na huku ni shilingi, na hiki nacho kihesabiwe kwa nini. Hatujakubaliana bado, na ndiyo sababu nimelileta swali hilo hapa.