Jiwe Dogo Linavyoumiza Kongosho
Mada ya Kamati ya Afya katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee



Sisi wa Kamati ya Afya tumepewa dakika chache kueleza ugonjwa ambao nyumbani mara nyingi tunauita vidonda vya tumbo au chango, kumbe ni kongosho lililovimba kwa sababu ya mawe ya nyongo.

Tuanze na maumbile. Ini hutengeneza nyongo, nayo huhifadhiwa katika mfuko mdogo chini ya ini. Tukila chakula cha mafuta, mfuko huo hujiminya na kumwaga nyongo kwenye utumbo. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kongosho, linalotengeneza insulini pamoja na maji makali ya kusaga chakula. Kwa watu wengi mrija wa nyongo na mrija wa kongosho hukutana na kutokea tundu moja dogo. Wakulima wa mpunga wa Mombo watatuelewa: mifereji miwili ikitegemea mlango mmoja, ukiziba mlango umeharibu yote miwili.

Jiwe kubwa mara nyingi hubaki mfukoni. La hatari ni lile dogo, kama punje ya mtama, linaloteleza hadi tunduni na kukwama. Hapo maji ya kongosho hukosa njia, na huanza kukisaga kiungo chenyewe kilichoyatengeneza.

Jambo hili lina ushahidi wa muda mrefu. Mwaka 1901 Dkt. Eugene Opie wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za mgonjwa aliyefariki kwa ugonjwa wa kongosho, jiwe likiwa limekwama kwenye tundu hilo. Mwaka 1974 madaktari Acosta na Ledesma wa Argentina walichuja vinyesi vya wagonjwa. Wenye mawe na kongosho lililovimba, 34 kati ya 36 walikutwa wametoa mawe. Wenye mawe peke yake walikuwa 3 tu kati ya 36. Maana yake, jiwe linaweza kupita lenyewe na kutoweka, likaacha madhara nyuma yake.

Ni nani yuko hatarini? Mawe huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, watu wanene, waliopungua uzito kwa haraka na wenye umri mkubwa. Wapo pia wenye selimundu. Chembe zao nyekundu za damu huvunjika upesi, na rangi yake hugeuka mawe, hata kwa mtoto. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, na ugonjwa huo umeota mizizi kwenye maeneo ya malaria kama tambarare yetu.

Tuseme na hili. Pombe nayo huvimbisha kongosho, lakini si kila mwenye kongosho ni mlevi. Mama ambaye hajaonja pombe maisha yake yote anaweza kuugua. Tusimwongezee aibu juu ya maumivu.

Dalili zake ni hizi: maumivu makali ya ghafla juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika kusikokoma. Macho yakiwa ya manjano, au homa ikipanda, hali ni ya hatari zaidi. Mgonjwa huyo asipewe dawa ya kumtapisha wala kungojewa hadi kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Damu itapimwa, na ultrasaundi itaonyesha mawe.

Wagonjwa wengi, kama wanne kati ya watano, hupona kwa maji ya mishipani, dawa za maumivu na uangalizi. Aliyebaki anaweza kupoteza figo, mapafu, hata maisha. Na aliyepona asidhani yamekwisha, kwani mawe yakibaki mfukoni ugonjwa unaweza kurudi. Dawa ya kudumu ni upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo, na mtu huishi vizuri bila mfuko huo. Kwa hiyo, daktari akikuambia upasuliwe, usirudi nyumbani kungoja mavuno.

Hapo ndipo harambee hii inapoingia. Kutoka Mazinde hadi Magunga, Bombo au KCMC ni nauli. Kutoka Mazinde Juu ni kushuka mlima kwanza, na usiku gari halipatikani. Tunaomba michango kwa mambo mawili: mfuko wa usafiri wa dharura, na kuzilipia bima ya afya kaya zisizojiweza, tukianza na zenye watoto wa selimundu.

Wenzetu, jiwe linalomwangusha mtu ni dogo kuliko punje ya hindi. Mchango wako nao usiuone mdogo.